Picha ni yako, lakini soma kifungu cha 31 kwanza

Wapiga picha wenzangu wa Kisumu, hasa nyinyi mnaoanza, wengi bado mnadhani mpaka upate cheti cha KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ndio picha iwe yako, hapana jameni, sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inakulinda tangu picha iingie kwa memori kadi, na inakulinda miaka 50, kusajili ni hiari ila inakupa ushahidi.

Na ushahidi ndio kila kitu. Kuna hoteli ilichukua picha yangu ya mitumbwi ya ufuo wa Dunga, hapa Ziwa Victoria, wakakata jina langu pale chini wakaweka kwa tangazo lao. Sikupiga kelele mtandaoni, nilienda na faili lenyewe kutoka kwa kamera, lina tarehe na saa, pamoja na zingine nilizopiga kabla na baada, nikazipanga mezani, meneja akaona mtumbwi ukisonga kidogo kidogo kutoka picha hadi picha, ubishi ukaisha, wakalipa. Kwa hivyo usifute zile mbaya mbaya za kando!

Sasa kuna kijana alisimama hapo hapo Dunga, jua likizama, akapiga yake, watu wakaniambia nimshtaki. Kwa lipi? Ziwa si langu na wazo la mtumbwi na machweo halina mwenyewe, sheria inalinda ile picha niliyoitoa mimi basi. Jina la studio pia halilindwi na hakimiliki, hiyo ni alama ya biashara, nenda KIPI, ofisi inayosajili alama hizo. Na gazeti likitumia picha yako kwa habari za siku hiyo, au mtu akiichambua, sheria inaruhusu kwa kiasi, mradi wakutaje.

Panaponiuma ni kazi ya kuagizwa. Harusi, mazishi, graduesheni. Kifungu cha 31 cha hiyo sheria ya hakimiliki kinasema mtu akikuagiza kazi, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwake, isipokuwa mmekubaliana vingine. Wengi hawaamini nikiwaambia, maana wanasoma mambo ya Marekani ambako mpiga picha wa kujitegemea kwa kawaida hubaki na haki yake bila mkataba wowote, huku kwetu ni kinyume, ukinyamaza umepeana. Mimi naona si haki kabisa lakini ndiyo sheria iliyoko, kwa hivyo andika. Yangu ni mistari miwili tu: hakimiliki inabaki kwa mpiga picha, mteja anaruhusiwa kuchapisha, kugawa na kuposti kwa matumizi ya familia, si ya biashara. Tunasaini wote kabla sijapokea diposti.

Lakini hata ukibaki na hakimiliki, uso ni wa mwenyewe. Kutumia bibi harusi kwa bango la studio bila kumuuliza ni kesi nyingine, ya faragha kwa Katiba na ya sheria ya data ya 2019. Chini ya mkataba wangu kuna swali, naweza kutumia picha zako kutangaza kazi, ndiyo au la, na picha za watoto naulizia mzazi kando, akisema la sigusi.