Dhahabu na Jua la Western Australia: Amua Kabla Hujatoka Kambini

Kila ikifika Novemba simu yangu huanza kulia. Ni Watanzania, Wakenya na Wakongo wanaoishi Perth, wanataka kutumia likizo ya Krismasi kwenda Kalgoorlie au Leonora kutafuta dhahabu kwa ditekta, kile kifaa kinacholia kikipita juu ya chuma au dhahabu iliyo ardhini. Jibu langu la kwanza ni lile lile: ahirisheni hadi Aprili. Kuanzia Aprili hadi Septemba mchana unafanyika kazi, usiku kuna baridi, na dhahabu iko pale pale. Desemba hadi Februari ndio kiangazi cha huku, na hakina mzaha. Marble Bar, kaskazini zaidi, ilipitisha siku 160 mfululizo zenye joto la kuanzia nyuzi 37.8, kati ya Oktoba 1923 na Aprili 1924. Onslow, pwani ya upande huohuo, ilifika nyuzi 50.7 Januari 2022.

Lakini likizo ya wengi ni hiyo hiyo moja, na najua watakaokwenda watakwenda. Ninyi ndio nawaandikia.

Kubwa ninalotaka mlishike ni hili: joto huanza na akili kabla ya miguu. Mtu anakuwa bado anatembea, anajibu salamu, anachimba, lakini uwezo wa kupima mambo umeshaondoka, na yeye mwenyewe hajui. Kwa hiyo ukisema "nikiona nimechoka nitarudi", umelikabidhi uamuzi joto lenyewe. Amua jioni ya kuamkia siku hiyo, kichwa kikiwa kimetulia: mtatoka saa ngapi, mtakwenda umbali gani, kila mmoja anabeba maji kiasi gani, na saa ya kurudi ikifika mnarudi, hata kama ditekta inaimba. Mimi kiangazi nakuwa kazini kabla jua halijachomoza, na saa tatu asubuhi nipo chini ya turubai. Wengine huenda usiku kwa taa ya kichwani. Ni sawa, ila uwe unapajua mahali, na mchana uwe umelala kweli.

Utabiri wa hali ya hewa nao usomwe vizuri. Ukisikia nyuzi 42, hiyo imepimwa kivulini, juu kidogo ya ardhi. Wewe unafanya kazi juani, umeinama, uso ukielekea udongo mwekundu unaorudisha joto kama kikaango.

Mtu wa Tanga au Mombasa huniambia, "Joto nimezaliwa nalo." Joto la pwani yetu lina unyevu: jasho linakutiririka, shati linalowa, mwili unakukumbusha kunywa. Huku hewa ni kavu kiasi kwamba jasho linakauka papo hapo. Shati linabaki kavu, na alama pekee ni michirizi myeupe ya chumvi mgongoni. Unajiona hutoki jasho kumbe kwa saa moja umepoteza lita nzima au zaidi, na tumbo halina uwezo wa kuyarudisha maji yote hayo kwa mkupuo ukifika kambini. Angalia mkojo: ukiwa mweusimweusi kama chai, umeshachelewa. Halafu mtu anayekaa Perth kwenye kiyoyozi hana uzoefu wa joto tena, popote alipozaliwa. Mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kulizoea, kwa hiyo siku za mwanzo fanya kazi nusu.

Kuna hatari nyingine inayotokana na kazi yenyewe. Umevaa vipokea sauti masikioni, kichwa chini, unasikiliza mlio mwembamba. Muda unapotea. Ukipata mlio, unashika sululu na kuanza kupasua udongo mgumu, na hapo ndipo mwili unazalisha joto lake juu ya lile la jua. Weka kengele kwenye simu ilie kila baada ya dakika ishirini. Ikilia, simama, kunywa kikombe kimoja, tazama gari liko wapi. Saa ya kurudi ikikukuta katikati ya shimo, weka alama kwenye GPS na jiwe juu yake, uje jioni.

Nilikuwa na mzee mmoja wa Mombasa karibu na Menzies, fundi wa ditekta kuliko sisi wote. Tulikuwa tunaitana kwa redio ya upepo kila nusu saa, na sharti letu ni kwamba kujibu "nipo" hakutoshi, lazima mtu ajibu swali. Nikamuuliza, "Mzee, gari liko upande gani?" Kimya. Kisha, "Gari gani?" Nikaenda mbio. Nilimkuta amepiga magoti, anafukia shimo na kuchimbua udongo ule ule. Shati kavu, ngozi ya moto, ulimi mzito. "Mwanangu, hebu niache nimalize huyu mmoja."

Sikubishana naye. Mtu aliyechanganyikiwa kwenye joto anahesabiwa kuwa na kiharusi cha joto, na kila dakika ina thamani. Tulimkalisha kivulini, tukamvua shati, tukammwagia madumu ya maji ya kuogea mwili mzima huku mmoja akimpepea kwa mfuniko wa friji ya barafu. Barafu tuliifunga kwenye vitambaa, tukaiweka shingoni, kwapani na kwenye kinena. Mwenzetu alipiga 000, namba ya dharura ya Australia, kwa simu ya setilaiti, wakatuambia tuendelee kumpoza hadi wafike. Hatukumnywesha kitu, maana asiyejitambua sawasawa anaweza kupaliwa. Baadaye akauliza kwa nini ameloa, nami nikapumua. Nasisitiza mpangilio huo: poza kwanza, safirisha baadaye. Kumpakia mtu garini na kukimbiza saa nzima huku mwili unachemka ni kumpoteza. Na aliyepigwa na joto hivyo harudi juani kesho yake. Asubiri daktari aseme.

Kuhusu maji, hesabu lita 10 kwa mtu kwa siku, pamoja na akiba ya siku za ziada gari likiharibika. Yagawe kwenye madumu kadhaa, maana dumu moja kubwa likipasuka mmekwisha. Maji matupu kwa wingi, bila kula, hushusha chumvi mwilini hadi mtu akazirai huku tumbo limejaa maji. Beba ORS na kuleni chakula cha kawaida chenye chumvi. Wanaotumia dawa za presha, hasa zile za kukojoza, wamwone daktari kabla ya safari. Pombe iacheni mjini.

Waliotangulia hapa walijua thamani ya maji. Dhahabu ilipopatikana Coolgardie mwaka 1892, watu walichemsha maji ya chumvi yaliyotekwa ziwani na kuuziana mvuke wake uliopoa, hadi bomba refu la maji kutoka Mundaring, karibu na Perth, lilipofika Kalgoorlie mwaka 1903. Hao hao walitengeneza kabati la gunia bichi, Coolgardie safe, lililopoza chakula kwa upepo tu. Ukavu ule ule unaotunyang'anya jasho unapoza vizuri: funga chupa kwa kitambaa kilicholowa, itundike penye upepo, utakunywa maji yanayonyweka. Loanisha na kitambaa cha shingoni.

Kivuli njooni nacho wenyewe. Miti ya mulga ina kivuli chembamba, na gari lililofungwa ni tanuri. Maduara ya zamani, yaani mashimo marefu ya machimbo yaliyoachwa, yapo kila mahali, na ubaridi wa mdomoni unavutia. Usiingie hata hatua moja. Kingo zake hubomoka na hewa ya chini inaweza kuwa haifai kuvutwa.

Mtandao wa simu hauko sehemu kubwa ya pori lile. Beba PLB, kile kifaa kidogo kinachoomba uokoaji kwa setilaiti, kikiwa kimesajiliwa kwa jina lako, nacho kikae mkandani badala ya kubaki garini. Gari likikwama, kaa nalo. Gari linaonekana kutoka angani, mtu anayetembea haonekani.

Kabla hujaondoka, mwachie shemeji au jirani karatasi: namba ya gari, eneo la kambi, njia mtakayopita, na saa kamili ambayo asipokusikia anapiga polisi. Mwambie asingoje hadi kesho yake kwa kuona aibu ya kuwasumbua.