Karata Zangu Zimebaki Kwenye Droo ya Mkuu wa Shule

Jumanne usiku nimepokea ujumbe wa mwalimu kijana anayefundisha Uchumi kidato cha tano huko Kanda ya Ziwa. "Shikamoo kaka. Nimejaribu ule mchezo wa soko uliotusimulia. Vurugu tupu! Kila mtu kauza kwa bei yake, bei ya mizani, ile wanunuzi na wauzaji wanapolingana, haikuonekana. Wanafunzi wamecheka, mimi nimeaibika. Au tatizo ni wanafunzi wangu?"

Marahaba, mdogo wangu. Wanafunzi wako hawana tatizo lolote. Aibu hiyo naijua mpaka harufu yake, ila siku ile nilipowasimulia niliruka sehemu ya kuaibika nikaja moja kwa moja kwenye sehemu ya kusifiwa. Leo nasimulia yote.

Ilikuwa 2021. Nilikuwa na darasa la wanafunzi 41, mchanganyiko wa HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) na EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), na nilikuwa nimechoka. Mwaka wa sita huo nachora ile mistari miwili inayokatana ubaoni, mahitaji yanashuka, ugavi unapanda, na mwaka wa sita wanafunzi wananinakilia mistari ile kama wanavyonakili ramani ya Ulaya. Ukiwauliza kwa nini bei inatulia pale mistari inapokutana, wanakujibu: kwa sababu mistari imekutana.

Nikanunua pakiti ya karata, shilingi elfu mbili. Nikatoa mzungu wa pili, wa tatu, wa nne na ree zote, zikabaki 2 hadi 10. Kopa na uru, zile nyekundu, nikawapa wanafunzi 18 wawe wanunuzi. Shupaza na pau, zile nyeusi, nikawapa wengine 18 wawe wauzaji wa debe la mahindi. Namba ya karata unaizidisha kwa mia. Mwenye 8 nyekundu, debe lina thamani ya 800 kwake, akilipata kwa 500 faida yake ni 300. Mwenye 3 nyeusi, gharama yake ni 300, akiuza 500 faida yake ni 200. Hakuna kuuza kwa hasara, hakuna kununua juu ya thamani yako, hakuna kuonyesha karata. Mwenye faida kubwa mwisho wa kipindi anapata maandazi mawili kutoka mfukoni mwangu.

Ukikaa na karatasi ukapiga hesabu, kwa bei ya 600 kuna wanunuzi 10 walio tayari na wauzaji 10 walio tayari. Hiyo ndiyo mizani. Mimi nilikuwa naijua, nimeiandika kwenye kiganja kabisa, nasubiri itokee ili niwaoneshe kama mganga anayetoa hirizi.

Haikutokea. Walijigawa wawili wawili pembeni, wananong'onezana. Binti mmoja mwenye 10 nyekundu alinunua kwa 950 kutoka kwa kijana mwenye 2 nyeusi, akabaki na faida ya hamsini huku mwenzake akiondoka na 750. Madawati mawili mbele yao watu wameuziana kwa 300. Hata wenye 9 nyeusi, ambao kwenye nadharia hawana chao sokoni, walipata wateja. Biashara 13 zikafungwa badala ya 10, na bei zimetawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe.

Nikafanya kosa ambalo nakuomba usilifanye. Niliwaambia jibu. Nilisimama nikasema, "Kwa kweli bei ilitakiwa iwe 600." Kukawa kimya. Kisha sauti ya nyuma ikauliza, "Ilitakiwa na nani, Mwalimu?"

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule, na mimi nilimjibu kwa kumwambia akae chini.

Wiki iliyofuata nilirudia, na nikiri kwamba nilichobadilisha hakikutokana na akili. Nilikuwa naogopa kelele tu. Nikaweka sheria kwamba bei inatajwa kwa sauti, mmoja mmoja, na waliokubaliana wanakuja mbele, mmoja wa wale watano wasio na karata anaandika bei ubaoni. Tukicheza mzunguko mmoja tunaanza tena na karata zile zile. Na jambo jingine: nikawaruhusu wajadiliane bei kwa Kiswahili, ingawa shuleni kwetu kulikuwa na kibao cha "Ongea Kiingereza" kila kona. Mwanafunzi gani atapunguziwa bei kwa Kiingereza?

Mzunguko wa kwanza ubaoni: 800, 450, 700, 350, 750. Wa pili zikaanza kusogeleana. Aliyenunua kwa 800 aliona mwenzake kapata kwa 450, akapiga kelele kama kaibiwa. Mzunguko wa nne: 600, 650, 600, 600, 550, 600. Mwenye 8 nyeusi amesimama katikati ya darasa anaita wateja na hakuna anayemgeukia. "Mwalimu, mimi niuze hasara?" Nikamwambia, usiuze. Akakaa, kanuna, na kwa kununa kule alikuwa ameshaelewa mzalishaji wa gharama kubwa anatokaje sokoni, kitu ambacho mimi ningekiandikia ukurasa mzima wa notisi.

Yule wa "ilitakiwa na nani" ndiye aliyeliona kwanza. "Mbona tunarudi pale pale? Kuna mtu kawaambia?"

Sikujibu. Safari hii nilifunga mdomo, na najivunia ukimya ule kuliko vyeti vyangu vyote.

Baadaye sana ndipo nikasoma kwamba aibu yangu ina ukoo mkubwa. Edward Chamberlin, profesa wa Harvard, aliwachezesha wanafunzi wake soko la namna hii na kuchapisha matokeo 1948: watu wanazunguka, wanakubaliana wawili wawili, bei haitulii, na biashara zinazidi idadi ya kwenye nadharia. Yeye akaona nadharia ndiyo ina walakini. Mmoja wa wanafunzi waliowahi kukaa kwenye darasa hilo aliitwa Vernon Smith. Alipokwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Purdue, kuanzia 1956 akaurudia mchezo na mabadiliko mawili: bei zitajwe hadharani, na soko lifunguliwe tena na tena. Bei zikatulia. Aliandika matokeo yake 1962, na 2002 akapewa Nobeli. Mimi nilipewa barua.

Ndiyo, barua. Kelele zilipopamba moto mkuu wa shule aliingia bila hodi. Akaona karata mikononi mwa wanafunzi, tarakimu za pesa ubaoni, na binti mmoja amesimama juu ya dawati anapaza sauti, "Mia sita! Mia sita na nusu!" Sheria za shule zinakataza karata. "Mwalimu, mnacheza kamari kipindi cha masomo?" Akazikusanya moja moja, mbele ya wanafunzi wangu, na mchana nikaletewa barua ya kutakiwa kutoa maelezo ya maandishi. Niliandika kurasa tatu. Hazikujibiwa. Ofisi ya walimu wakanibatiza jina ambalo mpaka leo kuna wanaoniitia, wakidhani nalifurahia.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza: usitumie karata. Kata boksi, andika namba kwa kalamu nyekundu na nyeusi, umemaliza.

Ushauri wa pili ni ule ule, bei iandikwe ubaoni. Wa tatu, rudia mizunguko, hata minne. Kipindi kimoja cha dakika 40 hakitoshi, omba vipindi viwili vilivyofuatana. Utaniuliza silabasi itaisha lini. Mimi nakuuliza, ikiisha bila kueleweka, umemaliza nini? Tunakimbiza mada kama watu wanaokimbiza basi la mwisho, halafu tunalaumu watoto wa siku hizi, simu, wazazi, kila mtu isipokuwa chaki yetu. Acheni kuwapa watoto majibu kabla hawajapata swali!

Samahani, nimepandisha sauti. Turudi sokoni.

Kwa zile za boksi tulicheza na kodi. Mwaka ule tozo za miamala ya simu zilikuwa midomoni mwa kila mtu, kwa hiyo nikatangaza kwamba kila muuzaji atalipa serikali 200 kwa kila debe. Kabla ya kuanza nikawauliza bei itafika ngapi. Darasa zima: 800! Tukacheza. Bei ikatulia 700, na madebe yaliyouzwa yakashuka kutoka 10 hadi 8. Wanunuzi wamebeba mia, wauzaji wamebeba mia, na waliokuwa pembezoni wametupwa nje kabisa. Wakabishana mpaka kengele ya chakula ikalia na hakuna aliyetoka mbio, nanyi mnajua siku ya wali maharage ikoje shule ya bweni.

Kuna na mchezo mwingine, wa samaki, huo nitauandika siku nyingine: sahani ndiyo ziwa, maharage ndiyo samaki, wanafunzi wanne ndio wavuvi. Kwa kifupi, kila mmoja anachota atakavyo, yanayobaki unayaongeza mara mbili. Kundi langu la kwanza lilikausha ziwa kwenye mzunguko wa kwanza. Uvuvi wa Ziwa Tanganyika ulipofungwa miezi mitatu mwaka 2024, mwanafunzi wangu wa zamani aliyeko Kigoma alinitumia ujumbe wa maneno mawili: "Sahani, Mwalimu."

Yule kijana wa Kanda ya Ziwa nimemjibu haya haya kwa ufupi, akasema atarudia Ijumaa. Nimemuuliza mkuu wake wa shule ni mtu wa namna gani. Hajajibu bado.

Wangu amestaafu. Nilikwenda kumuaga, tukanywa soda, tukacheka mambo mengi. Karata sikuziulizia, naye hakuzitaja.