Gari linatoa "tak" moja halafu kimya: nianzie wapi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Naishi Tanga, nina RAV4 ya mwaka 1998, otomatiki, injini ya 3S. Wiki ya tatu hii, asubuhi nikizungusha ufunguo nasikia "tak" moja, basi. Halipigi stata kabisa, ila taa za dashibodi zinawaka vizuri. Nikirudia mara tano, mara nyingine hata kumi, linawaka kama vile halikuwa na tatizo. Juzi limenigomea sokoni, wakati nilikuwa nimeliendesha muda si mrefu. Betri nilibadilisha miezi miwili iliyopita. Fundi mmoja anasema alternata imekufa, mwingine anataka nibadilishe stata nzima. Jirani yangu anasema nikikwama tulisukume tu. Nimsikilize nani?

JIBU: Dada yangu, kwanza pole. Halafu nikuombe usinunue kitu chochote wiki hii. Betri umeshanunua na tatizo limebaki palepale, na ukifuata ushauri wa kubahatisha utanunua alternata, kisha stata, na huenda ugonjwa ukabaki.

La jirani nilimalize upesi. Gari otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. Ndani ya giaboksi yake kuna pampu ya oili inayoendeshwa na injini yenyewe. Injini ikiwa imezima hakuna presha ya oili, na bila presha hiyo matairi hayawezi kuizungusha injini. Mtatoka jasho bure, na kusukumana barabarani ni hatari.

Sasa tuisikilize hiyo "tak", kwa sababu inaeleza mengi. Betri ikiwa imechoka, mara nyingi husikia milio mingi ya haraka, "tak-tak-tak-tak", na taa za dashibodi hufifia au kuzima kabisa. Wewe unasikia moja tu, na taa hazitikisiki. Maana yake umeme upo, ila haufiki kwenye mota ya stata, ile inayoizungusha injini ili iwake. Njia imekatika mahali fulani.

Kabla ya kwenda mbali, mwombe mtu azungushe ufunguo wewe ukiwa mbele, boneti likiwa wazi. Gari liwe kwenye P, hendibreki juu, na nguo na mikono mbali na mikanda na feni. Sikiliza mlio unatoka wapi. Rilei (swichi ndogo ya umeme) kwenye boksi la fyuzi hutoa mlio mwepesi, kama wa kalamu ya kubonyeza. Stata yenyewe, iliyofungwa pale injini inapokutana na giaboksi, hutoa mlio mzito wa chuma. Kama ni huo mzito, amri ya ufunguo imefika hadi kwenye stata. Hapo swichi ya ufunguo, rilei na swichi ya gia (ile inayozuia gari lisiwake likiwa kwenye D) tunaziweka pembeni kwa sasa.

Kwa maelezo yako, mshukiwa wangu wa kwanza ni vipande vya shaba vilivyo ndani ya solenoidi ya stata, yaani swichi ya sumaku inayoruhusu umeme mzito uingie kwenye mota. Ukizungusha ufunguo, solenoidi huvuta chuma chenye kisahani cha shaba mwishoni. Kisahani hicho hugonga vipande viwili vya shaba kwa pamoja na kuunganisha umeme mzito wa betri na mota. Kila unapowasha gari, cheche hula shaba kidogo. Gari la mwaka 1998 limeshawashwa mara maelfu mengi. Kipande kimoja kikiliwa hadi kikawa chembamba, kisahani kinagonga upande mmoja tu: "tak", lakini umeme haupiti. Ukirudia, kisahani huzunguka kidogo, kikapata sehemu ambayo bado ina shaba, gari likawaka. Ndiyo maana linakubali mara ya tano leo na mara ya kumi kesho. Stata za kampuni ya Denso za muundo huu, ambazo Toyota nyingi za miaka ya tisini zinazo, nimezifungua nyingi, na ugonjwa wao mkubwa ni huo.

Lakini mshukiwa si mwenye hatia mpaka tupime. Tafuta mita ndogo ya umeme, hata ya bei nafuu, uiweke kwenye volti 20 za DC. Na upime gari linapogoma. Hapa ndipo mafundi wengi tunapokosea: mteja analeta gari saa sita mchana, linawaka vizuri, tunapima, kila kitu kizuri, halafu tunakisia.

Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima husoma karibu 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu, hata kama ni mpya. Sasa acha mita palepale kwenye vichwa vya betri, mtu azungushe ufunguo na kuushikilia. Namba ikishuka hadi 8 au 9 huku mota haizunguki, betri ni dhaifu au stata imejifunga na inanyonya umeme mwingi. Namba ikibaki 12 na ushee huku umesikia "tak", hakuna umeme mzito unaotoka. Basi ni shaba za solenoidi, au waya mkubwa, au brashi za ndani ya mota (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka), au ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi na injini.

Ethi nitaisemea zaidi, hasa kwa ninyi wa pwani. Hewa ya chumvi haina huruma na viungo vya nyaya. Waya wa hasi wa betri umefungwa kwenye bodi na kwenye injini kwa bolti, na chini ya bolti hiyo hujenga kutu ya kijani usiyoiona mpaka uifungue. Miaka ya nyuma niliwahi kumbadilishia mteja alternata, na wiki iliyofuata akarudi na tatizo lilelile. Ilikuwa bolti moja ya ethi. Nilimrudishia hela ya ufundi, lakini alternata alikuwa ameshainunua, na jambo lile linaniuma hadi leo. Tangu siku hiyo siondoi spea kwenye gari kabla sijasafisha viungo vya betri na ethi. Kazi hiyo ni ya nusu saa: spana namba 10, brashi ya waya, msasa. Anza kufungua hasi, na uwe umevua pete na saa ya chuma. Kaza mpaka kichwa cha betri kisizunguke kwa mkono.

Ukishasafisha na bado linagoma, mwite fundi apime kwenye stata yenyewe. Kuna bolti mbili kubwa: moja inapokea waya mnene kutoka betri, nyingine inapeleka umeme ndani ya mota. Waya mweusi wa mita uwe kwenye hasi ya betri, ufunguo ukiwa umeshikiliwa. Bolti ya kwanza ikisoma 12 na ya pili sifuri, shaba zimekwisha. Zote mbili zikisoma 12 na mota imekaa kimya, tatizo liko ndani ya mota au kwenye ethi ya injini, na brashi za mota ndizo za kuangaliwa kwanza. Ya kwanza yenyewe ikianguka, waya mnene au kiungo chake ndio mbovu.

Zikiwa ni shaba, huna haja ya stata nzima. Vipande hivyo huuzwa peke yake pamoja na kisahani, na bei yake haikaribii hata kidogo ya stata. Stata ya mtumba siipendi kwa kazi hii, maana nayo ina umri uleule na shaba zilizoliwa vilevile. Fundi akiifungua stata yako aangalie na brashi za mota, na akuonyeshe vipande vya zamani. Usiruhusu mtu afungue stata kabla hajatoa hasi ya betri, kwa sababu waya ule mnene kwa kawaida hauna fyuzi, na spana ikigusa bodi ni moto.

Kuhusu alternata: kazi yake ni kuchaji betri injini ikishawaka, haipigi stata. Washa gari, pima betri. Ukipata kati ya 13.8 na 14.5, iache ilivyo.

Ukikwama sokoni kabla ya matengenezo, jaribu mara kadhaa ukipumzika sekunde kumi kila mara. Mtu anaweza kuigonga stata taratibu kwa kipande cha mbao, si kwa nyundo, wewe ukizungusha ufunguo. Hiyo ni ya kukufikisha nyumbani tu.

Kesho likigoma niandikie namba tatu: betri ikiwa imetulia, betri ufunguo ukiwa umeshikiliwa, na betri injini ikiwa imewaka. Kwa hizo nitakwambia kama fundi aanze kwenye betri yenyewe au kwenye stata na nyaya zake.