Asili ya jina «mammy lorry» la Ghana

Je, malori ya Ghana yaliyobeba abiria na mizigo yaliitwa «mammy lorry» kwa sababu ya umbo lake? La, jina hilo halikutokana na umbo la lori, bali na wanawake wafanyabiashara walioitwa «mammy», kwa kuwa biashara ya chakula ilikuwa mikononi mwao na wao ndio waliojaza malori hayo viazi vikuu, nyanya na samaki wa kukaushwa hadi masoko kama Makola jijini Accra na soko kuu la Kumasi. Baadhi yao waliyamiliki kabisa. Mengi yalikuwa Bedford kutoka Uingereza, ambayo mafundi wa Ghana waliyajengea bodi ya mbao yenye mabenchi, kisha wakayaandika methali na maneno ya dini kwa rangi kali, kazi ambayo kwa maoni yangu inastahili kukumbukwa kuliko hata injini yenyewe. Jina «tro-tro», la magari ya abiria ya Ghana, lina asili tofauti, ingawa mara nyingi gari lilikuwa lile lile: kwa kawaida huelezwa kuwa limetoka katika neno la lugha ya Ga lenye maana ya peni tatu, yaani nauli ya wakati huo.