Re: Ndugu yangu alishikwa Ijumaa jioni, mpaka leo Jumapili hajapelekwa kortini

Pole sana dada. Unauliza kama saa 24 za kumpeleka kortini hazijapita. Zimepita, ila Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya kinasema zikiishia siku ambayo korti haikai, basi apelekwe kabla ya mwisho wa siku ya korti inayofuata. Kwa hiyo kesho Jumatatu ndiyo siku yao ya mwisho.

Kwanza nenda kituoni leo, uulize nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) na kosa lenyewe. Bondi ya polisi, yaani kuachiliwa kwa ahadi ya kufika kortini, ni bure. Ukilipa dhamana ya pesa taslimu, usiondoke bila risiti.

Kesho karani wa korti atamsomea ndugu yako shtaka, kisha ataulizwa: ni kweli au si kweli? Hapo ndipo watu huumia, maana kusema "ni kweli" ni kukiri kosa. Binamu yangu alijibu "ni kweli, lakini yeye ndiye alinianza." Bahati yake hakimu akaandika amekana. Mwambie ndugu yako asikubali kitu asichokielewa. Kama lugha inamtatiza aombe mkalimani, halipi chochote. Akishakana, aombe dhamana papo hapo, asingoje kuulizwa.

Mimi si wakili, haya nimeyaonea kwenye benchi la nyuma kortini. Beba kitambulisho chako.