Maswali ya Wasomaji: Ngome Moja, Vichekesho Vitatu

SWALI: Mhariri, kwa miezi kadhaa sasa mimi na wanangu tumekuwa tukitazama filamu fupi za zamani za The Three Stooges, wachekeshaji watatu wa Marekani: Moe, Larry na Shemp. Katika tatu kati ya hizo, zote za mwaka 1948, kuna ngome ya mawe ambayo naiona kuwa ni ile ile, ingawa hadithi ya kwanza iko kwa Mfalme Arthur, ya pili kwa Mfalme Cole, yule wa wimbo wa watoto wa Kiingereza, na ya tatu iko Uskoti. Nashangaa pia kwamba kichekesho cha robo saa hivi kiliweza kujengewa ngome kubwa namna hiyo. Je, macho yananidanganya? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Macho hayakudanganyi, ndugu msomaji, na nimefurahi kwamba umetazama kwa makini kiasi hicho, kwa sababu watu wengi humwangalia Moe akimzaba Larry kofi wasiuone kabisa ukuta ulio nyuma yao. Filamu unazozisema ni Squareheads of the Round Table, Fiddlers Three na The Hot Scots. Ngome hiyo haikujengwa kwa ajili ya hata moja kati ya hizo tatu. Kampuni ya Columbia Pictures ilikuwa imekwisha kuijenga kwa ajili ya filamu ndefu ya rangi, The Bandit of Sherwood Forest, iliyotoka mwaka 1946, ambamo Cornel Wilde aliigiza kama mwana wa Robin Hood, yule mwizi shujaa wa hadithi za Kiingereza. Maseremala, mafundi wa jasi na wapaka rangi walikwisha kulipwa kutoka katika bajeti ya filamu hiyo. Idara ya filamu fupi, iliyokuwa chini ya mtayarishaji na mwongozaji Jules White, ilipewa ngome iliyokwisha kusimama, kama vile jirani anavyoomba turubai la arusi lisifunguliwe ili naye afanyie shughuli yake kesho yake.

Bila msaada wa namna hiyo, vichekesho vya Uingereza ya kale visingewezekana. Filamu fupi ilionyeshwa kabla ya filamu kuu ya jioni, na wenye majumba ya sinema waliilipia fedha kidogo sana, hivyo ilipaswa kupigwa kwa siku chache tu na kwa gharama ambayo isingetosha kusimamisha hata lango la ngome. Wala si vichekesho peke yake vilivyoishi hivyo. Ukuta mkubwa uliojengwa Culver City, karibu na Hollywood, kwa ajili ya The King of Kings ya mwaka 1927 ulitumiwa tena katika King Kong ya mwaka 1933, kisha tarehe 10 Desemba 1938 ukatiwa moto ili uwe mji wa Atlanta unaoteketea katika Gone with the Wind.

Jambo ambalo ningependa wanao walione ni jinsi ngome hiyo ilivyowafaa wachekeshaji wenyewe, mbali na kupunguza gharama. Kichekesho cha watu watatu wajinga kinahitaji mahali penye heshima pa kuvunjiwa. Katika Squareheads of the Round Table, Moe, Larry na Shemp wanamsaidia mhunzi Cedric kumpata binti mfalme, Elaine, nao wanaimba chini ya dirisha lake kwa lahani iliyochukuliwa katika opera ya Donizetti, Lucia di Lammermoor. Mbele ya pazia la turubai lililochorwa matofali wimbo huo ungekuwa kelele tu, lakini chini ya ukuta mzito uliojengwa kwa ajili ya mashujaa wa panga, kila sauti inayopayuka inaonekana kuikosea adabu ngome nzima. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo bora kati ya zile tatu. Mwongozaji wake, Edward Bernds, alikuwa fundi wa sauti wa mwongozaji mashuhuri Frank Capra katika studio hiyo hiyo ya Columbia kabla ya kuanza kuongoza, na umakini wake unasikika katika uimbaji huo.

Bernds huyo huyo ndiye aliyeongoza The Hot Scots, na hapo utaona jinsi mahali pamoja panavyoweza kuwa pengine. Safari hii mashujaa wetu wanatamani kuwa wapelelezi wa Scotland Yard, makao ya polisi wa London, wanaambulia kazi ya kusafisha uwanja, kisha wanajikuta wakilinda mali za bwana mmoja katika ngome ya Glenheather. Hadithi ni ya hofu na vishindo vya usiku, kwa hiyo pale Elaine alipoimbiwa sasa pana giza na vivuli. Fiddlers Three, iliyoongozwa na White mwenyewe, inategemea zaidi sanduku la mchawi kuliko jengo.

SWALI: Juzi nilianza kutazama Knutzy Knights ya mwaka 1954 nikahisi nimekwisha kuiona. Je, hapo pia waliazima ngome? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Hapo waliazima zaidi ya ngome, kwa sababu sehemu kubwa ya filamu hiyo ni picha zile zile za Squareheads of the Round Table, zilizounganishwa na vipande vipya. White alifanya hivyo hivyo mwaka huo kwa Musty Musketeers, iliyotokana na Fiddlers Three, na kwa Scotched in Scotland, iliyotokana na The Hot Scots. Gharama zilikuwa zimepanda, na picha za zamani hazikudai mshahara mpya. Namna ya kutambua kiungo ni kuziangalia nyuso badala ya kuta: mwigizaji anaingia mlangoni akiwa na sura ya wakati ule, na picha inapobadilika amekwisha kuzeeka miaka kadhaa, ilhali mazungumzo yanaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Nakushauri uanze na filamu za mwaka 1948, kisha zile za 1954, ukiwa umemshika mkono mwanao na kumwachia yeye akuonyeshe mahali Shemp anapozeeka ghafla.