Maswali ya Wasomaji: Hiace ya Moshi, nikae wapi?

SWALI: Kila Jumamosi napanda Hiace kutoka Arusha kwenda Moshi. Wenzangu huweka spika masikioni mpaka wafike. Mimi napenda kusafiri na watu nisiowajua, ila sijui nikae wapi niuone mlima, wala kama ni vizuri kumsemesha jirani. – Msomaji, Njiro

JIBU: Ndugu msomaji, ukitoka Arusha, Meru na Kilimanjaro yote iko kushoto. Tatizo ni kwamba kwenye Hiace nyingi kushoto ndiko kwenye mlango na viti vya kukunja, na anayekalia kiti cha kukunja huinuka kila abiria wa nyuma anaposhuka. Wahi kona ya kushoto ya siti ya mwisho. Itakurusha kwenye matuta, kwa kuwa iko nyuma ya magurudumu, lakini hainuki mtu. Siti za mbele zina injini chini yake, miguu hupata joto. Kurudi ndiko kuzuri zaidi: milima inahamia kulia, kwenye viti visivyokunjwa. Ondoka alfajiri, maana jua likipanda, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, hujifunika wingu.

Kuhusu jirani, salamu ni lazima, mazungumzo ni hiari. Mkubwa mpe shikamoo, wa rika lako "habari za asubuhi", kisha nyamaza. Akitaka maongezi atauliza unashukia wapi. Asipouliza, ukimya wenu hauna ubaya wowote. Hiyo ndiyo raha yenyewe, kukaa bega kwa bega na mtu bila kudaiana neno.

Jumamosi ni siku ya soko Tengeru, kama Jumatano, kwa hiyo tegemea gari kusimama zaidi na ndoo na mikungu ya ndizi kuingia. Sogeza miguu kabla hujaombwa. Mama akipanda na mtoto na mzigo, mwambie "lete nikupakatie". Atakupa bila kusita.

Kisha nauli. Konda akiwa mlangoni, noti yako itapita mikono ya watu wanne usiowajua, na chenji irudi kwa njia ileile, kila mmoja akimgusa wa nyuma yake begani. Hapo ndipo gari zima huwa kitu kimoja kwa dakika moja, nasi tunaipenda sana dakika hiyo. Beba noti ndogo. Ukitoa kubwa ya kusubiri chenji, mkumbushe konda kabla ya Boma Ng'ombe, kwani pale wengi hushuka na yeye huwa nje akiita abiria wapya.